Ukuta wa Mama Chaki

Katika kile chumba cha kushonea, wifi ndiye aliyekuwa na kelele, Mama Chaki ndiye aliyekuwa na la kusema. Mkiniuliza niko upande gani, nilishachagua zamani.

Walishona pamoja, fundi huyu na dada wa mumewe, cherehani mbili zikitazamana. Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, Mama Chaki alichukua chaki ileile ya kuchorea vitambaa akaandika ubeti mmoja ukutani. Mistari minne, basi. Leo pasi iliyounguza kola, kesho paka wa mwenye nyumba anayelalia suruali za watu. Mdundo aliupata bure, maana chumba cha pili kulikuwa na bendi iliyorudiarudia wimbo mmoja mpaka majirani wachoke kuishi. Mguu wake ulikanyaga cherehani kwa kuwafuata wao, na maneno yakaja nyuma ya mguu.

Wifi hakuwa na raha hata kidogo. Bendi aliigongea ukuta kwa rula ya mbao. Beti aliziita uchafu wenye vina. Wateja wa maana, alisema, wanaingia wanakuta ukuta kama wa choo cha stendi. Mwisho akatamka kwamba Jumamosi fundi rangi anakuja na chumba kizima kitapakwa. Nusu ya duka ni yake, nani angembishia?

Mama Chaki alijikaza kisabuni, lakini ilimuuma, tena sana. Beti zile hakuwa nazo popote pengine. Akiinua macho alisoma maisha yake mwenyewe, siku juu ya siku, hadi pale mkono wake ulipokomea. Zikifutwa, itakuwa kama hakuwahi kusema neno. Hata hivyo Jumamosi asubuhi aliandika, fundi rangi akikoroga ndoo nyuma yake:

*Mvua yapiga bati,*
*najibu kwa cherehani,*
*jirani yu katikati,*
*ngoma yake ukutani.*

Mara mlango ukasukumwa. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi, amenuna, kaja kugombana kuhusu ile rula. Wifi naye akajifunga kibwebwe, maana siku hiyo aliisubiri kwa hamu. Ila yule bwana hakufika kwenye ugomvi. Macho yalitua ukutani, midomo ikaanza kucheza, kisha sauti ikamtoka. Alikuwa anauimba ule ubeti kwa wimbo wao wenyewe, na hakuna neno lililozidi wala kupungua. Akahamia ubeti wa paka. Ukaingia wote, mpaka mkia.

Akaeleza kwamba wimbo huo wanao muda mrefu, hauna maneno. Kila mtunzi waliyemleta, maneno yake ama yalipwaya ama yalibana.

"Nani kaandika haya, mama?"

"Mimi," akasema Mama Chaki. "Nyie mlikuwa mnapima, mimi nakata."

Yule bwana akatoka mbio kuwaita wenzake. Wakaingia na ngoma na gitaa, wakakaa juu ya marobota ya vitambaa, wakauimba ukuta kutoka chini kwenda juu. Wapita njia wakajaa mlangoni. Mama Chaki aliimba nao, machozi yakimtiririka na hakujisumbua kuyafuta. Furaha ile, jamani, ilimtosha mtu na ukoo wake! Wifi aliinamia cherehani yake, lakini mguu ulimsaliti: ulikuwa unakanyaga, na kitambaa hakuna.

Wimbo ulipoisha, fundi rangi akauliza kwa adabu aanze lini, rangi inaganda.

Wifi akainuka. "Paka kuta tatu," akasema. "Huu wa nne ukiugusa tutaonana wabaya."

Kisha akaibeba stuli yake mwenyewe, akaiweka chini ya ukuta, akaishika kwa mikono miwili isiyumbe.

"Panda, wifi yangu. Huko juu bado kuna nafasi."