Vatsala na Lori la Maji

Mtaani kwao kaskazini mwa Nagpur, India, Vatsala Ramteke hakuwa na cheo ila mdomo. Dereva wa lori la maji alipotaka kupita bila kusimama, wanaume walimbembeleza kwa adabu, naye akaenda zake. Akiitwa Vatsala, lori lilisimama. Alianza kwa kumtukana mama wa dereva, akapanda hadi ukoo mzima, na madumu yakajaa.

Tatizo ni kwamba hasira ile ilirudi naye nyumbani. Mjukuu wake Samiksha, aliyeachwa kwake na mama aliyekwenda kutafuta kazi Pune, alikuwa akisikia ndara za bibi mlangoni anajibanza nyuma ya kabati. Siku moja Vatsala alimsikia akimnong'oneza mwanasesere: "Nyamaza, Bibi amerudi."

Hilo lilimchoma. Jumapili akaenda vihara, ukumbi wa Kibudha alimoimba sala tangu utotoni bila kukaa kimya hata mara moja. Hemlata Wasnik, karani mstaafu wa posta, alikuwa akiwafundisha watu kukaa na kuitazama pumzi.

"Hasira ikija usiifukuze," Hemlata alisema. "Itazame. Iko wapi mwilini?"

"Mwili mzima," Vatsala akajibu. Ukumbi ukacheka.

Mtaa haukucheka. Jirani yake Indu Khobragade alimngoja nje, mikono kiunoni.

"Jai Bhim, mtawa," akatoa salamu ya watu wa tabaka lao.

"Jai Bhim, Indu."

"Tumefumbwa macho na watu wa tabaka la juu miaka elfu mbili, na wewe unakwenda kuyafumba kwa hiari? Babasaheb, mkombozi wetu, alitaka tusome na tupigane. Huko kusinzia umekutoa wapi?"

"Sisinzii. Napumua."

"Hata nyati hupumua, dada."

Wiki hiyo joto la Mei lilikausha mabomba. Lori lilipokuja, Vatsala alilisogelea akasema kwa upole, "Ndugu yangu Pandhari, tafadhali simama." Dereva akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha akakanyaga mafuta.

Jioni alikuta madumu matupu yamerundikwa mlangoni kwake, na juu yake maganda ya vitunguu. Hakuna aliyemsalimu. Indu peke yake ndiye aliyesema neno, akiwa dirishani: "Huo utulivu wako, ndio tupikie wali?"

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa wamekaa kimya, honi ya lori ikalia. Mara Indu akaupiga ngumi mlango wa vihara.

"Vatsala! Toka! Au tufe kiu wewe ukichunga pumzi?"

Hemlata hakufumbua macho. Vatsala aliitafuta hasira, akaiona chini ya mbavu, ya moto. Kando yake palikuwa na hofu: akiifungulia, itamfuata hadi nyumbani kwa mtoto. Akakaa nayo kidogo. Akainuka.

"Pandhari!" Sauti ilipasua mtaa. "Ukiondoa hilo gari nalala chini ya gurudumu, ukawaeleze wakubwa zako umeua kikongwe kwa ajili ya dumu la maji!"

Pandhari akatabasamu kama aliyefarijika. "Aa, mama, umepona!" Akashuka, akafungua mpira wa maji.

Wanawake walisukumana, madumu yakajaa. Matusi mengine yalikuwa bado yamejipanga ulimini mwa Vatsala, mama wa dereva akiwa wa kwanza. Aliyaona yote. Akafunga mdomo, akageuka.

"Basi?" Indu akamshika shali. "Hata mama yake hukumgusa?"

"Maji si yamejaa?"

"Wamekuharibu kabisa," Indu akasema, akajitwika maji yake bila asante.

Samiksha alikuwa amesimama ng'ambo ya njia na kidumu chake. Alikuwa amesikia kila neno. Vatsala akasimama mbali kidogo, asimkaribie.

"Bibi, umemaliza kukasirika?"

Vatsala alitaka kusema ndiyo. Akajikagua kwanza. "Bado. Imebaki kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui. Naiangalia."

Mtoto akalifikiria jibu hilo huku maji yakimdondokea miguuni. Akanyoosha kidumu, bibi akakipokea. Vatsala alipomnyooshea mkono wa pili, Samiksha akaficha wake mgongoni, akatembea upande wake wa njia, jicho kwa bibi, mpaka nyumbani.