Hodi ya Mkwezi Mwanzia

Mimi Kombe ni mtu wa hasira za karibu, wala sifichi. Mke wangu husema chai ikichelewa nawaka kama makumbi makavu. Kwa hiyo mtu aliyeweza kufanya kazi na mimi miaka yote hii bila kunitolea panga lazima awe na subira ya ajabu, na mtu huyo ni Mwanzia. Yeye hukwea minazi, mimi huuza madafu kwa mkokoteni kando ya barabara ya Diani. Yeye yuko juu na mimi niko chini, na labda ndiyo maana hatujawahi kugombana.

Wazazi wake ni Wakamba waliokuja zamani wakapata shamba la skimu ya serikali kule Shimba Hills. Mwanzia aliteremka Gazi angali kijana kutafuta kibarua, akafundishwa kukwea na mzee mmoja wa Kidigo, sasa marehemu, Mungu amrehemu. Jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa kamba wala panga. Lilikuwa kubisha hodi. Huku kwetu bafu ni ua wa makuti usio na paa, na aliye juu ya mnazi anayaona mabafu ya mtaa mzima. Basi mkwezi akifika chini ya mnazi hupaza sauti, "Hodi, mkwezi!" kisha anangoja. Mwenye nyumba akimkaribisha, anapanda. Asipomkaribisha, anasimama pale pale.

Wakwezi wengine hodi yao ni kama kikohozi, wakishaitoa tayari wako nusu ya mnazi. Mwanzia hawezi, kwa sababu wiki yake ya kwanza aliisahau. Alipofika juu akatupa macho chini, akamwona mama mmoja mtu mzima, mke wa mtu mkubwa pale kijijini, amejaa sabuni mwili mzima na anaimba. Mama naye akainua uso. Alitoka na mchi wa kinu, kajifunga leso, akasimama chini ya ule mnazi mpaka alasiri, na Mwanzia huko juu kayakumbatia makuti kama popo. Tangu siku hiyo hodi kwake ikawa dini. Hubisha hodi mlangoni kwake mwenyewe, na anaishi peke yake. Akinipigia simu huanza na hodi. Siku moja nilimkuta Ukunda mbele ya kile kibanda cha mashine ya benki, ndani hamna mtu, naye anabisha.

Sasa Kanze. Kanze aliachana na mumewe zamani, anaishi Gazi, na jioni huuza viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga wa manjano. Nyuma ya nyumba yake kuna minazi mitatu, na bafu lake liko chini ya ule mrefu kuliko yote. Mara ya kwanza Mwanzia alipobisha hodi pale, sauti ilitoka bafuni ikasema, "Ngoja kwanza, nina povu machoni." Akangoja. Tuliporudi nazi zilipokomaa tena, jibu likawa lile lile. Asubuhi povu, mchana povu, jioni povu. Sijapata kumwona mwanamke anayeoga vile. Mimi nilichoka, nikanuna, nikakaa juu ya mkokoteni nikilalamika kwamba madafu yangu yanapata joto. Mwanzia alisimama kimya kabisa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa pilau.

Alimpenda, bwana. Mtaa mzima ulijua. Nazi za watu wengine alizitupa tu, na moja ilinivunjia mwavuli. Nazi za Kanze alizishusha kwa kamba, moja moja, kwa adabu. Lakini kusema hakuweza. Alichoweza ni kutunga mashairi kule juu ambako hakuna wa kumtazama, nami huku chini nikawa nayasikia nikikwepa nazi:

Nimekwea kwa ujuzi, kwa miguu na mikono,
Ila kusema siwezi, ulimi hauna neno.

Nikimwambia, basi mwambie mwenyewe, anajibu kwamba hajakaribishwa. Nikimwuliza akaribishwe vipi zaidi ya hapo, anapanda mnazi mwingine. Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka huu mambo yakabadilika. Bwana mmoja, Tembo, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mackinnon Road, aliyefiwa na mkewe, alituma wazee kuposa. Mtu mzuri tu, sina baya la kumsema, na nimejaribu kulitafuta. Kanze akamwambia mke wangu kwamba wale wazee watarudi Jumapili kuchukua jibu, naye haoni sababu ya kuwakatalia, maana hakuna mwingine aliyefungua mdomo. Mke wangu aliponieleza alinikazia macho, kana kwamba ni mimi niliyemfunga Mwanzia ulimi.

Nikakasirika. Na mimi nikikasirika hufanya jambo. Purity, mtoto wa dada yake Kanze, anafanya kazi katika mkahawa mmoja Diani, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi huandaa jioni ya mashairi. Yeyote anayetaka huandikisha jina, akaitwa, akapewa kipaza sauti na dakika zake, akasema lake. Na Kanze huwa pale pale nyuma na karai lake, akiwauzia viazi. Nikaona njia ndiyo hii. Uso kwa uso Mwanzia hawezi, basi atakiambia kipaza sauti, na Kanze atasikia kabla Jumapili haijafika. Nikampelekea Purity jina lake bila kumwuliza mwenyewe. Nilipomwambia Mwanzia, pamoja na habari ya Jumapili, akaniuliza jambo moja tu, kama huko kuna mwenyeji. Nikamjibu wenyeji wapo tele. Laiti ningejua kwa nini anauliza.

Tulifika baada ya magharibi. Mwanzia alikuwa amevaa shati la zambarau la kwaya ya kanisa lao, na viatu vya ngozi vilivyolia kila akikanyaga. Kanze alitusalimia akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akatuuliza habari za kazi. Mwanzia akajibu salama, halafu akajibu salama tena ingawa hakuulizwa kitu kingine, nami nikamvuta tukakae.

Viti vyenyewe vilikuwa vya mbao za makreti, vya chini mno, ukikaa magoti yanakugusa masikio. Nikazama, nikajua kutoka itakuwa kazi. Na pale hawapigi makofi. Mtu akisema neno likawagusa, wanapiga vidole, vile mtu anavyomwita paka. Kijana wa kwanza alinong'ona kwamba yeye ni giza, kisha akasema giza ni yeye, kisha akanyamaza muda mrefu akiangalia sakafu. Wakapiga vidole. Msichana aliyemfuata alisoma kwenye simu, simu ikazimika katikati, akabaki ameikodolea macho, na hapo pia wakapiga vidole. Nikamnong'oneza Mwanzia kwamba kazi hii ni rahisi, hata mkokoteni wangu ungeshangiliwa. Hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele.

Purity akashika kipaza sauti akasema kwa ile Sheng yake ya Ukunda, "Wasee, sasa tuko na Mwanzia kutoka Gazi. Mpeni love." Wakampa vidole.

Mwanzia akaenda mbele. Akainama, akavua viatu, akavipanga pembeni. Akapangusa viganja kwenye suruali. Zile ndizo hatua zake zote chini ya mnazi, na nilijua inayofuata.

"Hodi," akasema.

Watu wa mashairi hawaitikii, wanasikiliza. Yeye akasimama kangoja, mikono ubavuni, shingo kaielekeza juu kidogo. Akangoja kama anavyojua kungoja, na huko kungoja hakuna anayemweza Pwani yote hii. Wale vijana wakatazamana. Mmoja mwenye rasta akatikisa kichwa kwa uchungu, akaanza kupiga vidole, na wenzake wakafuata.

"Hodi wenyewe," akasema tena.

Vidole vikazidi. Dada mmoja mbele yangu alifuta machozi. Akamwambia mwenzake kwamba huyu mzee anazungumzia wakimbizi. Mzee gani, Mwanzia ni mdogo kwangu. Nilipandwa na mori, wallahi. Nikaona dakika zinakwenda, shairi liko kifuani, Kanze yuko pale, na mtu mzima anangoja kukaribishwa na watu wanaoita paka. Nikapaza sauti kutoka kwenye kile kishimo changu nikamwambia karibu, panda, sema.

Mwanzia akanigeukia, na kwa upole wake wote akasema kwenye kipaza sauti, "Kombe, wewe si mwenyeji."

Watu wakaangua kicheko, wakapiga vidole mpaka basi. Walidhani tumefanyia mazoezi. Nilitaka kuinuka nikamkamate shati la kwaya, kiti kikanikatalia. Nikajaribu kwa upande, kikanikatalia. Purity akagonga chupa ya soda kwa kijiko, ishara kwamba muda umekwisha, akashukuru kwa shairi zito alilosema litamkaa rohoni.

Mwanzia akaitikia kwa kichwa, akainama kuchukua viatu vyake.

Hasira zangu ziliisha hapo, sijui zilikwenda wapi. Nilimwonea huruma. Mtu anayepanda kule ambako mimi nikitazama tu napata kizunguzungu, ameshindwa na kizingiti cha neno moja. Na kosa ni langu. Ninajua nini kuhusu mtu huyu kama si hodi yake, na bado nilimleta mahali ambapo hakuna wa kuiitikia. Nikaiona Jumapili inakuja na wazee wa Tembo ndani yake.

"Nani huyo?"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye karai. Si kali, si laini. Ni vile mtu wa ndani anavyouliza akisikia hodi nje. Vichwa vyote viligeuka. Kanze alikuwa amesimama na upawa mkononi, mafuta yanachemka mbele yake.

Mwanzia aliviacha viatu. "Ni mkwezi," akasema.

"Hapa kuna mnazi?"

"Hakuna."

"Sasa hodi ya nini?"

Mwanzia akameza mate, na kipaza sauti kikatusikilizisha sote alivyoyameza. Nilingojea lile shairi. Nilikuwa nalijua lote, ningeweza hata kumsaidia ubeti wa pili. Hakulisema.

"Nimekuja kwako," akasema. "Kabla ya Jumapili."

Hakuna aliyepiga kidole hata kimoja. Purity alibaki kashika kijiko hewani. Viazi vilianza kunuka kuungua, na Kanze, ambaye sijapata kumwona akiunguza kiazi maishani mwake, akauweka upawa chini, akajifuta mikono kwenye leso taratibu, kidole kimoja kimoja, na mimi nikaona nitakufa kwenye kile kiti.

"Karibu," akasema. "Leo sina povu machoni."

Mwanzia akaja kati ya viti, miguu mitupu, akiomba radhi kwa kila aliyempita. Mpaka leo sijui walichoambiana kule nyuma, kwa sababu vijana walikuwa wameinuka wote na mimi bado nilikuwa nimenasa. Yule mwenye rasta ndiye aliyenivuta. Akaniuliza lile shairi linaitwaje, nikamwambia sina habari, nikaenda kuviokoa viazi. Nusu vilikuwa vyeusi. Nikawauzia hivyo hivyo, wakala wakasema vina ladha ya moshi. Viatu vya Mwanzia nilivibeba mimi mpaka Gazi.

Jumapili wazee wa Tembo walipewa chai, na maneno mazuri, wakarudi na jibu lao. Baada ya mazao ya nazi kuuzwa Mwanzia akapeleka wazee wake kutoka Shimba Hills, nami nikiwa mmoja wao ingawa si Mkamba, kwa sababu alisema haendi popote bila mimi chini. Na siku hiyo, tukila, nikaona nimwulize Kanze jambo lililoniudhi miaka yote ile, madafu yangu yakiota jua. Nikamwuliza huwa anaoga saa ngapi.

Akanitilia mchuzi kwanza. Kisha akaniambia yeye huoga alfajiri, mara moja, tangu utotoni.