Hakuna Aliyemuuzia

Habari ilinifikia nyumbani Nsemulwa chai ikiwa bado mkononi: yule dereva wa bodaboda wa Mwese aliyekuwa akiniletea maharage amefariki. Alikuwa anatoka kumkabidhi binti yake ukweni, pikipiki ikamshinda kwenye mteremko, naye alikuwa amekunywa. Nilikasirika kabla sijalia, na hasira yenyewe haijaisha.

Wasomaji wa safu hii watamkumbuka. Niliwahi kumtania kwamba ndiye mwanamume pekee Katavi aliyepigiwa kura asinywe. Aliwaangusha abiria akiwa amelewa, akarudia tena, ndipo mkutano wa kijiji ukaamua kwamba atakayemuuzia pombe atatozwa faini. Mwenyewe alinyoosha mkono kuunga mkono. Tangu hapo, akiingia kilabuni, mama muuzaji alifunika mtungi na kumpa chai ya rangi kwenye kopo la pombe, watu wakacheka, naye akacheka nao. "Kaka, nyie mnaona mchezo," aliniambia akishusha gunia mlangoni kwangu. "Nimefungwa kweli. Ila mke wangu siku hizi anapata usingizi." Abiria walikuwa wameanza kumrudia.

Msibani nilikaa na baba wa kijana aliyemuoa binti huyo, mzee mpole, amejikunyata ndani ya koti. Kwao mwali hapokewi mpaka wakwe wanywe mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. "Alinishika mkono, akasema mkwe, mimi nimekatazwa," alinieleza. "Nikamwambia hapa kwangu hatuuzi, tunakaribisha. Wazee wote wakawa wanamwangalia, na binti yake amekaa palepale. Angekataaje?" Mwenyekiti wa kijiji alisikia, akasema hakuna aliyemuuzia, basi hakuna wa kutozwa faini. Ni kweli tupu, na ndiyo inayoniuma.

Nasikia watu wakitaka sheria ya namna hiyo iwe ya nchi nzima, dereva anayerudia ulevi asiuziwe pombe popote. Naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini inamfunga muuzaji tu, haimgusi mwenyeji mkarimu. Nimejaribu kumtafutia rafiki yangu pa kupitia siku ile, sipaoni. Akinywa, anavunja neno alilolitoa mbele ya kijiji. Akikataa, binti yake anaanza ndoa kwa watu waliodharauliwa na baba yake. Alibanwa huku na huku, na waliombana ni watu waliompenda.

Jioni mtungi uliletwa na pale msibani. Mzee akaninyooshea mrija, kisha akaona mkononi mwangu ufunguo wa pikipiki niliyokuja nayo. Mkono wake ulisimama hewani. Akaurudisha mrija, akaagiza niletewe uji, nikaunywa mbele ya wazee wote, na hakuna aliyeona ametukanwa. Mzee akainamisha kichwa akalia. Tusimngoje mgeni akatae, ndugu zangu. Mwenye mtungi ndiye amnyime.