Mbuzi wa Mjomba Amekataliwa na Code Yangu

Leo sokoni Ikutha, system yangu ya kuandikisha mbuzi wa kuuzwa imemkataa mjomba wangu mbele ya watu.

Iko hivi. Sheria ya "mbuzi bila chanjo haandikishwi" ilikuwa kwa ukurasa wa karani pekee. Ule wa simu, ambapo wauzaji hujiandikishia wenyewe, haukuwa nayo.

Jana nikaihamisha kwa service object moja: kipande kimoja cha code, na kurasa zote lazima zikiulize kwanza.

Mbuzi wa kwanza kukataliwa? Wa mjomba. Kumbe amekuwa akipitia kwa simu!

"Na ni nani alikununulia hiyo laptop?" akaniuliza. Watu wakacheka.

"Ni wewe, mjomba. Asante sana. Daktari wa mifugo yuko pale kwa geti."

Sibadilishi kitu.

Shida ni moja tu: Krismasi tunachinja kwake. Nani ataniwekea kipande?