Mume Wangu Alilala Koridoni Garissa

Usiku wa kwanza wa fungate yetu, mume wangu alichukua mkeka, akafungua mlango, akaenda kulala koridoni.

Hatukuwa tumegombana. Hakuwa amelewa. Alisimama kizingitini kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake, akasema, "Funga kwa ndani."

Nikafunga.

Mwaka ulikuwa 1998. Na kama unadhani nililia, bado hujanielewa. Siku zile sikuwa na machozi wala hasira. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Unakanyaga, lakini husikii chini.

Ngoja nikuweke sawa.

Naitwa Saynab, mtu wa Wajir. Nilikuwa mwalimu, diploma ninayo, na mdomo wangu ulijulikana mji mzima. Siku moja nilimsahihisha Kiswahili mkaguzi wa shule mbele ya darasa, na sikumwomba radhi.

Niliolewa na Siyad, tukapata binti, Yurub. Kisha zikaja mvua za El Niño, na ile homa iliyomaliza mifugo. Siyad alimchinja mbuzi mgonjwa, asije akafa kibudu. Hazikupita siku nyingi, homa ile ikampata naye, tukamzika.

Tangu hapo sikusema tena. "Ndiyo." "Hapana." "Maji yapo." Basi.

Eda ilipokwisha, wazee wakakaa kikao. Kwetu kuna dumaal: mume akifa, ndugu yake humwoa mjane, ili watoto wasitoke kwenye ukoo. Ndugu mwenyewe alikuwa Hared, mdogo wake Siyad, dereva wa lori, kijana mpole ambaye akicheka mabega ndiyo hucheka.

Hakuna aliyenishikia fimbo. Eeddo Raho, shangazi yake Siyad, alinifuata jikoni akaniambia kitu kimoja tu.

"Ukikubali, unabaki na Yurub. Ukikataa, mtoto ni wa ukoo. Wewe rudi kwa baba yako."

Siku ya nikaha wakaniuliza nyuma ya pazia. Sikujibu. Wakasema alhamdulillah, wakasoma, wakala ngamia.

Wiki ikapita. Hared alikuwa akilala na lori lake, akisema anachunga mzigo. Baba mkwe, Mzee Kerrow, akachoka kutuangalia.

"Mpeleke Garissa akaone mto," alimwamuru mwanawe. "Uso wake utafunguka."

Ndivyo tulivyofika kwenye lojingi, ile nyumba ya wageni yenye ile koridoni.

Jamani, ile lojingi! Chini kulikuwa na jenereta. Upande wa kushoto, ukumbi wa video za Kihindi. Nyuma, malori yakipakia ngamia, na ngamia akipakiwa hulalamika kama mtu aliyedhulumiwa urithi. Hared alitoka kwenda kuswali Isha akiwa mtu mmoja, akarudi mtu mwingine. Hapo ndipo alipochukua mkeka.

Asubuhi tulikunywa chai pale chini, macho mekundu sote wawili. Mwenye lojingi, Fatumo, mwanamke mnene mwenye jino la dhahabu, alipotuona akapiga makofi.

"Bwana arusi! Macho gani hayo? Hamkulala, eh? Mleteeni maini huyu, apate nguvu!"

Wateja wakacheka. Sisi tukaangalia vikombe.

"Ajabu," Fatumo akasema. "Arusi gani hii, kama matanga?"

Alipoondoka, Hared akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulipata usingizi?"

"Hapana."

"Jenereta."

"Na ngamia," nikasema. "Na yule mwanamke wa kwenye video. Kaimba mpaka alfajiri. Mpenzi wake alikuwa na haki ya kukimbia."

Hared akanitazama kana kwamba kikombe ndicho kilichoongea. Hata mimi nilijishangaa. Kisha ganzi ikarudi mahali pake.

Tukaenda kuona mto.

Mimi ni mtu wa visima. Kwetu maji hupandishwa kwa ndoo na kamba, na kila ndoo ina mwenyewe. Hapa maji yalikuwa yanapita tu, mapana, mekundu, hayana mwenyewe. Nilijua nilipaswa kushangaa.

"Maji mengi," nikasema.

"Mengi," akajibu.

Tukasimama. Kiboko alitoa pua, akatuona, akazama. Sikusikia chochote moyoni.

Tulipotaka kuvuka daraja, askari wa kizuizini akatunyooshea kidole.

"Wewe warya, kijana! Kipande!"

Hared akatoa kitambulisho. Askari akakigeuza mbele na nyuma.

"Na huyu mama ni nani yako?"

Swali jepesi, si ndiyo? Hared akaangalia viatu vyake.

"Nakuuliza. Ni bibi yako?"

Nilimtazama Hared. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia.

"Ni... ni bibi ya ndugu yangu, afande."

Askari akamgeukia mwenzake. "Njoo usikie maajabu! Huyu amebeba bibi ya ndugu yake, anamtembeza mtoni! Ndugu yako anajua?"

"Ndugu yangu amekufa, afande."

Kicheko kikakatika. Askari akarudisha kipande kwa mikono miwili.

"Pole, kijana. Piteni."

Hatukupita. Niligeuka nikateremka kuelekea mashamba ya ndizi yaliyo kando ya mto, naye akanifuata. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisikia kitu. Kilikuwa kidogo, na kilikuwa kinauma.

"Unanionea haya?"

"Hapana, dumaashi."

Dumaashi. Shemeji. Ndivyo Hared alivyokuwa akiniita wakati Siyad yuko hai.

"Wiki nzima mimi mkeo. Leo nimekuwa shemeji?"

Hared akachuchumaa, akaokota udongo, akaufinya.

"Jana msikitini nilimfuata shekhe mmoja. Nilitaka anipe dua, au dawa, sijui. Nikamwambia mke wangu hali, hasemi, anakaa tu. Akaniuliza, siku ya nikaha alisemaje? Nikamwambia alinyamaza. Uso wake ukabadilika."

"Kwa nini?"

"Akasema kimya ni idhini ya msichana ambaye hajawahi kuolewa, kwa sababu anaona haya. Mjane anatamka kwa ulimi wake. Asipotamka, hakuna idhini. Akaniambia, nenda kamwulize, na mpaka akujibu usilale naye chumba kimoja."

Nikakaa chini, kwenye matope, na buibui langu safi.

Vilemba vyote vile. Ndevu zote zile zilizopakwa hina. Waliijua sheria hiyo tangu chuoni, na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka siku yangu. Mimi, niliyezaa na kuzika, walinihesabu kigoli mwenye haya.

"Kwa hiyo nakuuliza," Hared akasema. "Hapa hakuna mzee. Eeddo Raho hayupo. Unanitaka, au hunitaki?"

"Na Yurub?"

"Sijui. Nitakutetea, lakini sijui kama watanisikia. Sitakudanganya."

Nilimfikiria mwanangu, pale Wajir, amelala mgongoni kwa Raho. Ndiyo moja tu, na ni wangu. Hared hakuwa mtu mbaya. Wanawake wangapi wamekubali wabaya kuliko yeye?

Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

"Hapana."

Hared akafumba macho. "Alhamdulillah," akasema.

Kisha akashtuka, akaziba mdomo kwa mkono wenye udongo. "Samahani! Wallahi, dumaashi, sikumaanisha..."

"Ruweyda wako wa Hadado anajua uko huku?"

"Nani kakwambia habari za Ruweyda?"

"Hared, mimi nimefiwa. Sijawa kiziwi."

Mabega yakaanza kucheka. Yakacheka mpaka akakaa matopeni kando yangu.

"Na wewe," nikamwuliza, "nani alikuuliza?"

"Mimi? Mimi niliambiwa nioge, nivae kanzu safi."

Alasiri ile tulikwenda kuwaona twiga nje ya mji, dumaashi na dumaashi. Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Ila nilisikia njaa. Nikala pilau sahani nzima, nikala na ya Hared.

Tuliporudi Wajir niliomba wazee wakae tena. Safari hii nilisimama upande wao wa pazia. Hared alisimama mlangoni.

"Mliniuliza nikanyamaza, mkaondoka na kimya changu," nikasema. "Mimi ni mjane. Nilitakiwa nitamke. Leo natamka: sikubali. Hared hakunigusa, na yeye ni ndugu yangu."

Shekhe aliyetufungisha akaweka tasbihi yake chini.

"Amesema haki," akakiri. "Kosa ni letu."

Sikuwapa nafasi ya kupumua.

"La pili. Yurub nakwenda naye. Atabaki na jina la baba yake, na babu yake atamwona kila Ijumaa. Anayekataa, aseme sasa."

Mzee Kerrow akafungua mdomo, akamtazama shekhe, akaufunga. Eeddo Raho alikuwa amemkumbatia mtoto, macho kwangu. Alinijua nikisema sana, kisha akanijua bubu. Huyu wa tatu hakuwa akimjua.

Nilingoja. Nje kuku walikuwa wanaparua. Ndani hakuna aliyekohoa.

"Mmenyamaza," nikasema. "Basi mmekubali."

Nikanyoosha mikono. Raho akanipa mwanangu.

Dada, na wewe kaka, umesoma mpaka hapa, beba hili moja. Ukiulizwa jambo la maisha yako, jibu, hata kama sauti inatetemeka. Usipojibu, watu watakujibia, halafu watakula ngamia.