Tumbaku ya Baba Mkwe: Lodwar hadi Kakuma kwa Baiskeli

Nilikwenda Kakuma kwa baiskeli kwa sababu mke wangu alikuwa amenihama. Nasema wazi, mimi si mtu wa kuficha. Ilikuwa miaka ile ya sabini, kabla ya lami, na Lodwar nzima ilinijua. Shule niliiachia darasa la tatu huko Kakamega, nikaja Turkana na bisibisi moja na spana mbili, na kufikia wakati huo hapakuwa na baiskeli mjini ambayo haikupita mikononi mwangu. Duka la mabati lilikuwa langu, kibao cha mlangoni nilikiandika mwenyewe, na mke, Akiru, alikuwa mrembo kuliko wake wa makarani wote.

Kosa lilikuwa langu. Baba yake, mzee Lomuria, alitoka Kakuma kwa miguu kuja kumwona mjukuu. Alinikuta dukani na wateja wamejaa. Akasalimu, "Ejok," kisha akanyosha mkono: "Etaba." Tumbaku. Nilikuwa na fungu zima limening'inia msumarini, la kuuza. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, hapa kila mtu hununua. Mimi nilianza maisha bila kuomba mtu." Wateja wakacheka. Mzee akarudisha mkono wake polepole, akachukua kigoda chake, akaondoka. Nikajiona nimemfundisha maisha.

Akiru hakupiga kelele. Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kusimama kwenye lori la Kakuma. "Baba Ekai," aliniambia, "kwetu mtu haombi kitu kwa adui. Anaomba kwa watu wake. Sasa baba amejua wewe ni nani."

"Kwa sababu ya tumbaku tu?"

"Mvua ikinyesha kule milimani baba anahama. Ukinitaka, njoo kabla punda hawajafungwa mizigo. Ukichelewa, tutakuwa huko mpaka wa Uganda, na huko baiskeli yako itaanza kutafuta barabara."

Kiburi kilinikalisha wiki nzima. Halafu asubuhi moja nikaona mawingu yamesimama upande wa kaskazini, meusi kama chungu. Lori lilikuwa limeshaondoka, na lingine halikujulikana litakuja lini.

Alfajiri, Lodwar. Nilifunga fungu lote la tumbaku kwenye keria, ndani ya gunia, nikamwaga mafuta kwenye cheni mpaka yakadondoka. Kwetu cheni kavu ni dalili ya uvivu. Wanjohi, mwenye hoteli jirani, alikuwa akipuliza moto wa chai.

"Fundi, unaenda kumrudisha mama kwa kengele ya baiskeli?"

"Nitarudi naye amekaa hapa kwa keria, na wewe utatupikia mandazi."

"Haya. Mwambie mchanga hivyo hivyo."

Nilivuka Turkwel jua likichomoza. Lazima niseme uzuri wa saa ile, maana sijauona tena. Mikoma imesimama pande zote mbili za mto, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na nyuma yangu kilima cha Lodwar na zile nyumba za zamani za serikali ya mkoloni, zile walimokuwa wakifungiwa watu wa siasa, sisi tukisikia tu habari zao. Mji ulionekana mdogo, wa kutosha mkononi. Nikapiga kengele bila sababu.

Saa nne hivi, nchi ilianza kupanda na kushuka. Huoni mlima, ni mgongo wa mawe meusi, halafu bonde la mto mkavu, halafu mgongo mwingine. Kuteremka nilikuwa mfalme. Kupanda nilikuwa punda. Kufika mto wa tatu cheni ilianza kulia kama paka, na kufika wa nne ikakataa kuzunguka. Mchanga ulikuwa umenasa kwenye yale mafuta yangu mpaka cheni imekuwa nene kama mkia wa kenge.

Katika mto ule palikuwa na kisima, shimo la kina cha watu watatu, wanawake wamesimama ndani mmoja juu ya mwingine, wakipandishiana maji kwa mabakuli ya mti huku wakiimba. Mbuzi walikunywa kwanza. Nikangoja, hapo mtu hatangulii mbuzi. Bibi mmoja, shingo yote shanga, akaja kutazama baiskeli.

"Nani napaka hii mafuta?"

"Mimi, mama. Mimi ni fundi."

"Fundi!" Akawaita wenzake shimoni, akawatafsiria, na kicheko kikapanda kutoka chini kama maji. "Mafuta nashika mchanga. Osha. Weka kavu."

Aliisugua cheni kwa majivu na kitambaa mpaka ikang'aa, na ikazunguka. Tangu siku hiyo mteja wa Lodwar akiniambia weka mafuta, namkatalia, na watu wananiona nina elimu. Kisha bibi akanyosha mkono. "Etaba."

Nilisita. Ile tumbaku ilikuwa ya mzee, ndiyo iliyokuwa msamaha wangu. Lakini mkono ulikuwa palepale, wenye majivu ya cheni yangu. Nikakata kipande. Basi shimo zima likapanda juu! Mikono tisa, kumi. Fungu likapungua kwa nusu. Nikalala kwao, kwenye ngozi, nimeshiba maziwa.

Siku ya pili, adhuhuri, mwiba wa mgunga ulipasua tairi, si tyubu peke yake, tairi lenyewe, mpasuko wa kidole kizima. Tyubu niliiziba, lakini tairi lilinishinda, nikasukuma. Milima ya mbele ilikuwa imeanza kufunikwa na mvua. Nilisukuma nikilaani, mpaka nikamkuta mtu mrefu akichunga ngamia, Mturkana aliyewahi kuwa askari wa akiba na kujua Kiswahili. Jina lake Ekidor. Alitazama tairi kama anavyotazama mguu wa mnyama. Akakata ngozi mbichi ya mbuzi, akatoboa kwa ncha ya mkuki, akashona kwa kamba ya ngozi.

"Ngoja jua. Ikikauka itabana. Sasa amevaa kiatu." Akakaa. "Etaba."

Nikampa. Akaweka shavuni, akaniuliza naenda wapi.

"Kakuma. Kwa mzee Lomuria."

"Lomuria! Yule aliyenyimwa tumbaku na mkwe wake Lodwar?"

Jamani, habari ilikuwa imefika hata kwa ngamia. Ningeweza kunyamaza. "Ndiye mimi niliyemnyima," nikasema.

Alicheka mpaka akaegemea mkuki wake. Akafuta machozi, akanyosha mkono tena. "Basi nipe hiyo iliyobaki."

"Hiyo ni ya mzee, ndugu yangu. Ndiyo maana nimekuja."

"Na mimi?"

Mkono haukushuka. Nikamkumbuka Akiru amesimama kwenye lori. Nikafungua gunia, nikampa yote, na moyo ukaniuma kama jino. Alinipeleka kwake, nikalala. Nilipoamka kabla ya jua, alikuwa ameshaondoka, mkewe akisema tu, "Ameenda mbele."

Siku ya tatu, Kakuma. Wakati huo ilikuwa misheni, kituo cha polisi, maduka machache, na mto wa Tarach wenye visima vyake. Matone ya kwanza yalinipiga nikiwa nje ya mji, yale makubwa yanayotoboa vumbi. Boma la mzee lilikuwa limeshabomolewa. Punda wamefungwa mizigo, mbuzi wamegeuzwa magharibi. Akiru alikuwa akikaza kamba ya punda wa mwisho, mtoto mgongoni. Aliniona, akaendelea kukaza.

Mzee Lomuria alikuwa amekaa kigodani, shavu limevimba. Pembeni yake, Ekidor.

"Baba," nikasema, "nilikuletea tumbaku. Imeishia njiani."

"Imefika," akasema mzee. "Huyu ameileta asubuhi." Alitafuna kidogo. "Kumbe ulikuwa na tumbaku nzuri hivi, ukaninyima?"

Watu wakacheka, kama walivyocheka dukani kwangu, ila safari hii nilichekwa mimi. Nami mwenye duka, niliyeanza maisha na spana mbili bila kuomba mtu, nikanyosha mkono mbele ya ukoo mzima.

"Baba, nipe kidogo."

Kicheko kikakatika. Mvua ilikuwa ikinilowesha. Mzee akafungua kifuko shingoni, akakata, akaniwekea kiganjani. Sikuwa nimewahi kutafuna tumbaku maishani. Nikaiweka mdomoni, nchi ikazunguka, nikashika baiskeli, baiskeli ikaanguka, nami juu yake. Nikasikia sauti niliyokuwa nimeikosa kwa siku nyingi: Akiru akicheka nyuma ya punda, akicheka mpaka mtoto akaamka.

Nilihama nao siku nne kwenye majani mapya, nikisukuma. Halafu tukarudi Lodwar. Akiru alikataa keria. Alisema chuma kinakwenda polepole kwenye mchanga mbichi, akatangulia na mtoto, nami nyuma na ngozi tatu za zawadi. Wanjohi alituona tukivuka Turkwel hivyo. Alisema maneno mengi, lakini mandazi alipika.

Leo mtu anatoka Lodwar na chai, anafika Kakuma kabla haijashuka tumboni, na Kakuma yenyewe imejaa wakimbizi na lugha ambazo mzee Lomuria, Mungu amrehemu, hakuzisikia. Sioni tena mtu akingoja mbuzi wanywe. Mimi nimezeeka kidogo tu, na nyumba yangu ya mawe nimeijenga bila kumwomba mtu hata msumari. Mke nilimwomba.