Bia Ikitulia
Jioni ya mashairi katika baa ya Waairishi mtaani Woodside, aliyemaliza kughani humtaja wa kumfuata, na anayetajwa hakatai. Mhudumu wa kaunta tu ndiye huponyoka. Akihisi macho yanamjia, hujaza glasi bia nyeusi yenye povu hadi nusu, akaikodolea macho. “Naisubiri itulie,” husema, kitambaa kikisugua kaunta iliyokwisha kung'aa. Bi Dervla, mzee wa waghani hao, alikuwa akimvizia tangu Krismasi; leo alipomaliza shairi lake akamtaja.

“Naisubiri itulie, mama.”

“Basi tutaisubiri wote, mwanangu.”

Baa nzima ikaitazama bia mpaka ikatulia. Mhudumu akafumba macho, akaghani habari za punda wa babu yake kule kwao Mayo, mikono ikipaa kama ya kasisi, watu wakavunjika mbavu. Alipomaliza, jasho likimtiririka, Bi Dervla akamuuliza anayefuata ni nani.

“Mimi,” akasema.